Mwenyeji wa Ghuba

"Usiniambie," mke alisema. "Na hapa nanga imegoma."

Imegoma. Ghuba ya kwanza ilijaa mashua za watu, hii ya pili chini ni mwamba mtupu, nanga inateleza tu. Mume alishika usukani kwa mikono miwili, kofia ya unahodha imemkaa sawasawa. Kofia aliipata dukani. Unahodha wenyewe ulikuwa bado njiani.

Nyumba yao ya vyumba vitatu walikuwa wameiuza, wakanunua mashua hii ya tanga na kuhamia humo na masufuria yao. Ikivunjika, hawana pa kulaza ubavu. Na redio ilishasema: jioni dhoruba.

Mke aliogopa, tena sana. Ila yeye akiogopa halii, hunoa ulimi. "Baba watoto, si tukatie nanga sebuleni? Aa, nimesahau, uliiuza."

Ghuba ya tatu ilizungukwa na vilima, upepo hauingii. Katikati kulikuwa na mashua moja tu, imetulia tuli. Wimbi linapita, hata mlingoti hautikisiki.

"Umeona?" Mume akachangamka. "Yule ndiye mwenyeji. Mtu akitulia namna ile, bahari anaijua. Sisi ni kumfuata tu."

Mzee aliyekuwa ndani ya mashua ile akawaona, akapunga mikono yote miwili. Mume naye akapunga. Mzee akavua shati, akalipeperusha huku akipaza sauti, lakini upepo wa nje ukayachukua maneno.

"Huo ndio uungwana wa mabaharia," mume alisema. "Mtu hakujui, anakuvulia shati."

Kipima kina cha maji kikaanza kulia. Mume akakizima. "Hiki nacho kina woga kama wewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Akaachia nanga ubavuni mwa mzee. Mashua ikatikisika kidogo, ikasimama papo hapo, hata mnyororo haujakaza. Mume akamtazama mkewe kama vile bahari kaiumba yeye.

Mke akachemsha chai, akaimimina. Haikumwagika hata tone. Moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu wahame, akaona haya kwa maneno yote aliyomrushia mwanamume wa watu.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Kumbe unaweza."

"Si nilikwambia?"

Mzee akawajia na kidau, shati begani, sauti imemkauka.

"Shikamoo, mzee wetu! Karibu chai," mume alimwita. "Hebu tufundishe, hiyo nanga yako uliitupaje ikashika vile?"

"Marahaba. Nanga?" Mzee aligeuka kuitazama mashua yake. "Nanga yangu iko juu sitahani, mwanangu. Mimi nimekwama mchangani wiki ya pili sasa, na muda wote ule nilikuwa nawafukuza."