Joto Ubaki Nalo

Siku hizi sheria inasema ukitengeneza baridi, joto lake ubaki nalo ndani kwako. Kulitoa nje ni kosa. Kifriji cha sola alichokiunda Mwanaidi kina kibati kinachopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Upande wa baridi unatazama insulini ya mumewe, Shebwana. Upande wa moto, chumba chenyewe kilivyo kidogo, unatazama kitanda.

"Kizime kidogo nipumue," Shebwana alisema, shuka limelowa jasho.

"Dawa itaharibika, baba Rehema."

"Na mimi je?"

Mwanaidi alifungua kifriji, akagusa kichupa. Kimepoa vizuri. Akamgusa mumewe kwenye paji la uso, linachoma kwa joto, kisha akafunga kifriji upesi, baridi isije ikapotea bure.