Vidole vya Mbugua

Alhamisi asubuhi Mbugua alisahau kila kitu.

Jumatatu alikuwa amezikamata herufi za breli upesi kuliko darasa zima. Jumanne alisoma majina ya wenzake bila kukwama. Sasa mwalimu Chelimo alimsikia akipapasa nukta za mstari wa kwanza, akirudi, akipapasa tena, kisha kidole kikasimama.

"Hiyo ni herufi gani?"

"Sijui, mwalimu."

"Jana uliijua."

"Jana, ndiyo."

Chelimo alivuta kiti akaketi. Alikuwa amechoka. Yeye mwenyewe hakuwa ameona mwanga tangu utotoni, na hili lilikuwa darasa lake la tatu mwaka huu. Watu wazima waliopoteza macho walikusanywa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Kiamunyi, wakala hapo, wakalala hapo, na kwa wiki mbili wakafundishwa kusoma kwa vidole, kutembea kwa fimbo nyeupe na kujipikia bila kuungua. Wiki mbili za kuanza maisha upya. Sauti ilikuwa imemkauka, na alijua kwamba wengi wakifika nyumbani wataketi tu kando ya jiko wangoje kuwekewa sahani mkononi.

Alidhani Mbugua si wa aina hiyo. Alikuwa mkulima wa viazi kutoka Molo. Pasta wao ndiye aliyepiga simu kumwombea nafasi. Giza limeingia kwa nyumba ya Mbugua, alisema, na daktari amesema hana la kufanya. Chelimo hakuuliza zaidi. Simu za namna hiyo alizizoea.

Alijaribu kukumbuka alichosema Jumatano. Ni yale tu anayoliambia kila darasa: breli haiko kwa karatasi, iko kwa ncha ya kidole, kama kidole chako hakijaijua, huwezi kumfundisha mwenzako. Hakupata neno la kumvunja mtu moyo hapo.

Ijumaa mambo yaliharibika zaidi. Mbugua aligonga mlango wa jikoni kwa paji la uso, akamwaga chai, akaketi kwenye kitanda cha mtu mwingine. Cate, mpishi, ambaye ndiye mfanyakazi pekee aliyekuwa na macho mazima pale, alimvuta Chelimo kando.

"Madam, huyu mzee anarudi nyuma. Siku za kwanza alikuwa anapita hapa na ile miwani yake nyeusi kama mtu hana shida. Sasa amejifunga kitambaa chini yake, ni kama amepofuka juzi."

"Huzuni huwa inachelewa," Chelimo alisema. "Ikifika, inafika yote."

Jioni hiyo alimfuata nje, kwenye benchi.

"Mbugua, nikuambie ukweli. Kuna msichana kule Ndabibi anangoja kitanda. Ukitaka kwenda nyumbani, hakuna aibu."

Mbugua alimgeukia. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na nyinyi mnachukua kuanzia ngapi?"

"Kumi na minane. Hili ni darasa la watu wazima."

"Basi huyo atachukuliwa darasa lijalo. Mimi siwezi kungoja, mwalimu. Niache."

Chelimo aliona ni maneno ya mtu mchoyo. Angekuwa na nguvu angebishana naye. Aliinuka tu akaenda kulala.

Lakini Mbugua hakuketi bure. Aliomba maji ya moto jikoni akaloweka mikono, maana miaka ya kuchimba viazi ilikuwa imeufanya ukucha na ngozi kuwa kitu kimoja. Alisugua ncha za vidole kwa jiwe mpaka zikauma. Wengine wakipumzika baada ya chakula, yeye alikuwa na karatasi mapajani. Kipruto, kijana wa bodaboda aliyepoteza macho kwenye ajali, alilala kitanda cha juu yake.

"Mzee, pumzika bana," Kipruto alimwambia. "Hizo nukta hazitoroki."

"Mimi ndio nimechelewa," Mbugua alijibu.

Herufi zilirudi moja moja, kama ng'ombe waliopotea. Chelimo, bila kupenda, alianza kusikiliza kidole chake kati ya vidole vyote vya darasa. Kilikuwa kizito, kilikwaruza. Kikikwama, hakikuruka.

Siku ya kufunga aliwapa kila mmoja ukurasa wa kusoma kwa sauti. Mbugua aliomba hadithi ya watoto, ile ya kuku na mwewe. Darasa likacheka kidogo. Alisoma polepole. Katikati alikwama, Kipruto akataka kumsaidia, Chelimo akamzuia. Mbugua alirudi nyuma, akapumua, akalivuka lile neno. Alifika nukta ya mwisho. Halafu wakamsikia akilia, mtu mzima.

Chelimo naye alijikuta anapangusa uso. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, hakuwa anafikiria kwenda kulala.

Mchana pikapu ilikuja kumchukua Mbugua. Chelimo alimsindikiza mpaka langoni, Cate akiwa kando yake. Mke wa Mbugua, Rahab, ndiye aliyeileta kutoka Molo. Alimshika Chelimo mikono yote miwili akashukuru, akashukuru tena, na alipokuwa bado amemshika, injini ikawaka.

Chelimo aligeuza kichwa. "Mmekuja na dereva?"

"Hapana, mwalimu," Rahab alisema, akamwachia mikono, akaenda.

Gari lilirudi nyuma taratibu, likakata kona bila kugusa ukingo.

"Cate, nani anaendesha?"

Cate alisogea mbele akatazama vizuri.

"Ni Mbugua, madam. Miwani ameivua, anaangalia kioo kabisa. Na kuna msichana mdogo wa kama miaka sita hapo katikati yao, ana karatasi ya nukta mapajani, anampapasa baba yake uso."