Somo la Kaisari

Siku hizi kila enzi hufundishwa na mtawala wake mwenyewe, aliyerudishwa kuwa sauti katika kisanduku cha sebuleni. Tunu alisoma fasihi ya Roma kwa Kaisari.

"Shikamoo, mwalimu. Yule mshairi uliyemfukuza nchini alikosa nini?"

"Marahaba. Alitunga bila kunionyesha."

Tunu akaandika. Jikoni, mama yake alikuwa akisukuma chapati huku akighani beti alizotunga mwenyewe.

"Shairi hilo ni la nani, binti yangu?" Kaisari akauliza kwa upole.

"La zamani tu, mwalimu."

"Ajabu. Mimi ndiye wa zamani, na silijui."

Jikoni, mama akakatiza ubeti katikati.

"Mwambie mama aendelee," Kaisari akasema. "Nilikuwa naziandika hizo beti."