Swali Linalorudi Tupu

Swali lilirudi tupu tena.

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa. Kioo cha kompyuta hakikubadilika: "Hakuna aliyepatikana."

Hospitali ilikuwa na seva yake, na maabara kuu, ng'ambo ya mji, ilikuwa na yake. Zilikuwa zimeunganishwa. Daktari akiuliza huku, swali huvuka, hutafuta kule, hurudi na jibu. Asubuhi hiyo maabara ilimpigia daktari simu kwamba yupo mtu ambaye figo yake inamfaa mgonjwa wa wodi ya juu. Ni nani? Hilo halisemwi kwenye simu. Taratibu zinataka lipitie kwenye mashine. Na mashine ilisema hakuna mtu. Daktari hakuficha: bila figo, mgonjwa hatauona mwezi ujao. Ndipo mtaalamu akaitwa kutoka makao makuu.

"Ni njia, dada," alisema Waya.

Waya ndivyo hospitali nzima ilivyomwita fundi wake wa mitambo. Macho yalikuwa yamemwiva, ndevu zimemwota ovyo. Mgonjwa wa wodi ya juu alikuwa mdogo wake, na tangu alazwe, Waya alikuwa akilala palepale kazini. Ndugu wa namna hii, walisema wauguzi, hazaliwi tena.

"Njia ikielemewa, swali huchoka katikati," aliendelea. "Nimeomba waje wabadilishe kebo. Tuwasubiri."

"Swali likichoka huleta ujumbe wa kosa, Waya. Mlango uliofungwa husema umefungwa. Huu unasema nyumba haina watu."

"Basi labda haina."

"Maabara wamesema yupo."

"Maabara!" Waya alichekea puani. "Hao ukiwapelekea maji ya bomba watakwambia yana malaria."

Kando ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, aliketi mama yao. Alikataa katakata kusubiri nje.

"We naye, mwache mwenzio afanye kazi," alisema mama. "Usimsikilize, mwanangu. Nimezaa wawili tu. Yule wa juu ndiye jicho langu. Huyu ni mkono, wa kutumwa."

"Mkono haulii, mama," alisema Waya.

"Ulie nini? Linaloumwa ni jicho."

Waya aliinama, akachomoa waya mmoja, akaurudisha palepale.

"Nyinyi wenyewe hamkupimwa?" aliuliza mtaalamu.

"Mimi uzee umeninyima," alisema mama.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Waya. "Damu yangu ikamkataa. Ingemkubali, tungekuwa hapa?"

Mtaalamu aliinua simu, akampata mwenzake wa maabara. "Usinitajie mtu. Uliza swali hilihili hapo ulipo, uniambie idadi tu."

"Mmoja," ilijibu sauti.

Huku, hakuna. Akajaribu swali lilelile kwa mgonjwa mwingine. Majibu yakamiminika kabla hajainua kidole.

"Umeona? Kebo yako nzima kabisa, inasingiziwa bure."

Waya alisimama, akaketi tena.

Mtaalamu akaachana na njia, akafungua swali lenyewe. Madaktari hawaandiki maswali. Wao hubonyeza kitufe, na swali lililotungwa zamani na kuhifadhiwa ndilo linalovuka. Alilisoma mstari baada ya mstari, kama achambuaye mchele. Karibu na mwisho akakuta sharti: lete wote wanaolingana, isipokuwa mtu mwenye namba hii. Namba moja tu.

Alijikuta anacheka. Hili ni kosa la mafundi. Unajaribu kitu, unaiweka namba kando isikusumbue, unaitwa kula, unasahau. Yeye mwenyewe aliwahi kuipoteza shule nzima kwenye matokeo ya mitihani kwa namna hiyo, mwalimu mkuu akalazwa kwa presha.

"Hapo usiguse, dada," alisema Waya, kwa sauti ya chini. "Aliyeweka hatumjui. Ukiondoa, mengine yatavunjika."

"Yavunjike. Mtu anakufa huko juu."

"Nakuomba."

Alimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka, na chumba kile kilikuwa na baridi ya kugandisha maji. Akamwonea huruma. Hakuna fundi asiyeona haya mgeni akikuta uchafu kwenye karakana yake.

"Sitamwambia mtu kwamba ni kosa lako," alimnong'oneza, akaufuta ule mstari.

Jibu likaja.

"Amepatikana, mama!"

Mama aliinuka akishika ukuta. "Alhamdulillahi! Ni nani huyo? Nisomee, mwanangu. Popote alipo nitakwenda kumpigia magoti."

"Jina haliletwi, mama. Lakini sikiliza." Mtaalamu aliweka kidole kwenye kioo, moyo ukimwenda mbio kwa furaha. "Mwanamume. Afya yake njema. Damu inalingana. Vipimo vyote vinalingana, mama, mpaka cha mwisho! Uhusiano na mgonjwa..."

Kidole kikasimama.

"Endelea," alisema mama. "Mbona umenyamaza?"

"Soma tu, dada," alisema Waya nyuma yao. "Kaka yake wa tumbo moja."