Kona ya Tano

Gurudumu lilizunguka nusu, likakwama, na sindano ikabaki imening'inia hewani. Bwana Kona alishusha pumzi. Akaikunjua cherehani yote, pole pole, mpaka ikarudi kuwa karatasi ya mraba iliyojaa makunyanzi.

"Ya ngapi hiyo?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Usiniulize, mama. Tafadhali."

Karatasi zilizotupwa zilikuwa zimemfika kwenye vifundo vya miguu. Chai ilikuwa imepoa mpaka ikafanya utando. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akaketi, akainuka tena. Lo, mtu huyu! Ungedhani kiti kimewekewa misumari.

Riziki yake ilikuwa kutengeneza cherehani za watu, zile za chuma. Lakini roho yake ilikuwa kwenye chama cha kukunja karatasi, alichokianzisha mwenyewe, na huko sheria ni moja: karatasi moja ya mraba, hakuna mkasi, hakuna gundi. Wenzake walikunja malori, pampu za maji, hata saa yenye mishale. Cherehani inayofanya kazi, ukizungusha gurudumu sindano ipande na kushuka, hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa.

Mchana huo wanachama wangepiga kura. Kama cherehani inawezekana, ingekwenda kwenye maonyesho na jina la mbunifu wake lingeandikwa chini yake. Kama haiwezekani, jina hilo lingefutwa chamani, basi, na watu wangelicheka mitaani. Bwana Kona alilijua hilo vizuri mno. Tangu Jumamosi iliyopita usingizi ulikuwa umemruka.

"Haiwezekani," alisema, akaisukuma karatasi pembeni. "Nimejaribu. Mungu ananiona nimejaribu."

"Kaa chini," mkewe alisema.

"Hesabu mwenyewe. Gurudumu, mpini wake, kijiti cha uzi, kimguu cha kubania kitambaa, sindano. Vitu vitano vinachomoza. Karatasi ina kona ngapi?"

"Nne."

"Haya. Kila kinachochomoza hutoka kwenye kona. Ukitoa tano kwenye nne unabaki na aibu."

Hivyo ndivyo alivyopata lile jina lake. Hakugusa karatasi yoyote kabla ya kuhesabu kona, na wanafunzi wake wote aliwafundisha hivyo hivyo, tena kwa ukali.

Mkewe hakubishana. Aliimwaga ile chai iliyopoa, akamletea nyingine ya moto. Akamnyang'anya simu iliyokuwa ikilia, akaizima. Jirani alipobisha hodi kuulizia cherehani yake, mama huyo alifungua mlango kidogo tu, akasema, "Hayupo," na huku goti la mumewe linaonekana waziwazi nyuma yake. Jirani alilitazama goti, akaaga kwa heshima.

"Mbona unanisumbua hivi?" Bwana Kona aliuliza. "Wewe karatasi zilikuwa zinakuudhi. Ulikuwa unaziita takataka."

"Ukiacha sasa, mchana jina litafutwa na wewe umekaa mbele unatazama. Utaweza?"

Alijikuna kichwa, akaivuta karatasi tena.

"Huyo aliyesema kwanza kwamba haiwezekani," mkewe aliendelea, "alikuwa anajua, au alikuwa anadhani anajua?"

"Alikuwa na uhakika," alisema kwa sauti ndogo.

"Si nilichokuuliza."

Alikunja. Kona ya kwanza ikawa gurudumu, ya pili mpini, ya tatu kijiti, ya nne kimguu. Akafika pale pale alipokuwa akifika siku zote, akakwama. Jasho lilimtiririka mgongoni kama mtu aliyebeba gunia.

"Na hapo katikati?" mkewe aliuliza.

"Katikati wapi?"

"Katikati ya karatasi. Hapo tumboni. Mbona hupagusi?"

Bwana Kona alimgeukia. Mama huyu alikuwa hajui kukunja hata bahasha. "Nani kakwambia habari za katikati?"

"Nimesikia kwa mtu. Kunja."

Alirudi kwenye karatasi. Akalibana tumbo la karatasi kwa vidole viwili, akalivuta juu, akalilaza huku na huku, mikunjo myembamba juu ya mikunjo myembamba. Katikati ya mraba, mahali pasipo na kona kabisa, kitu kikaanza kuchomoza. Chembamba. Chenye ncha. Ala! Alikishusha chini ya kichwa cha cherehani, akakiunganisha na shingo ya gurudumu.

Hakuthubutu kuligusa gurudumu. Mkewe ndiye aliyenyoosha mkono, akalizungusha.

Sindano ilishuka. Akalirudisha gurudumu, sindano ikapanda. Akarudia, na tena, na kila mara ilishuka na kupanda bila kukwama, kwenye karatasi moja, bila mkasi, bila gundi.

Bwana Kona alijifunika uso kwa viganja. Mabega yalimtikisika, na machozi yalipenya kati ya vidole. Mkewe alimwacha alie. Kisha akamwekea kalamu mbele yake.

"Andika jina la mbunifu."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi, haikuandika.

"La mdogo wangu," mkewe alisema. "Tena kwa herufi kubwa, kama sauti yako ilivyokuwa kubwa Jumamosi ulipoichana cherehani yake mbele ya watu wote, ukamwita shemeji yako mwongo aliyeficha gundi. Halafu vaa viatu, utampelekea mwenyewe."