Jina la Mgonjwa

Bi Salme alifika hospitalini kuchukua vidonge vyake vya presha, akakuta foleni ndefu mbele ya dirisha la dawa. Kila mtu alipewa kikombe kidogo, akanywa papo hapo muuguzi akimtazama.

"Wanakunywa nini?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa wa mwisho.

"Dawa ya kuachia unga wa kulevya, mama. Siku hizi hatufungwi, tunatibiwa."

Bi Salme mwenyewe ndiye aliyempeleka polisi mwanawe aliyekuwa akitumia unga, akiamini jela itamponya. Mwaka wa nne wa kifungo alikabidhiwa maiti.

Akasimama nyuma ya yule mwanamke. Zamu yake ilipofika, muuguzi aliuliza, "Jina la mgonjwa?"

"Ni mwanangu. Khatibu Makame."

Muuguzi akafungua daftari, akaanza kulitafuta.