Rangi ya Kucha

Siku Zuwena alipotoka eda, mvua ilikuwa inanyesha, na shemeji yake Shaweji alikwisha fika uani na kamba ya kuvutia gari la marehemu mumewe.

"Likiwaka, lako," alisema. "Lisipowaka, nalivuta kwangu. Marehemu kaka mwenyewe alikuwa akisema linaogopa mvua."

"Gari haliogopi, shemeji. Ingia upige stata."

Zuwena akafungua boneti, akainama chini yake. Stata ililia, injini ikagoma. Mara ya tatu ndipo alipoziona: cheche za buluu zikitambaa juu ya kifuniko cha distribyuta, kile kigawa moto cha injini, zikifuata ufa mwembamba kama unywele. Unyevu ulikuwa umeingia humo, na moto uliotakiwa ufike kwenye plagi ukawa unaishia njiani. Miaka kumi na minane wamefungiwa nyumbani kila masika kwa ajili ya kijiufa hicho!

Akakifungua kifuniko, akakipangusa kwa pindo la kanga mpaka kikawa kikavu. Kisha akaingia ndani, akarudi na chupa ya rangi ya kucha ambayo hakuigusa siku zote za eda. Akauziba ule ufa kwa rangi hiyo, ukawa mwekundu, akaupuliza mpaka ukakauka, akakirudisha kifuniko mahali pake.

"Haya, shemeji. Piga."

Injini ikanguruma.

Shaweji akashuka polepole, kamba begani, asijue aiweke wapi. Zuwena akakaa kwenye usukani, akaifungua tena ile chupa, akapaka ukucha wa kidole gumba. Kucha tisa zilizobaki angezipaka huko aendako.